Goti la Mlinda Lango

"Dada, achilia."

"Nani dada yako? Achilia wewe."

Kila mmoja alikuwa ameshika mkono mmoja wa jezi, na katikati yao alisimama Metrine, mwenye kibanda cha mitumba, ameinua fimbo ya kutundikia nguo kama refa aliyepoteza filimbi. Ilikuwa siku ya soko Migori. Malori ya kwenda Isebania yalipiga honi, wauza nyanya wakapiga kelele kuzishinda honi, na vumbi likatua juu ya kila kitu.

"Mkiirarua mtainunua vipande," Metrine alisema. "Kila mtu aende na bega lake."

Jezi yenyewe ilikuwa ya kijani, herufi zake nyeupe zimeanza kubanduka: KUTA NNE. Mgongoni ilikuwa na nambari moja.

Mwanamke, Robi, alivaa gauni la kitenge cha manjano na raba nyeupe, nywele zake zimesukwa mistari mirefu iliyomfika kiunoni. Mwanamume alikuwa mrefu, shati lake la buluu limepigwa pasi vizuri, na viganja vyake vilikuwa vipana kiasi kwamba jezi ilionekana kama ya mtoto.

"Unaitakia nini?" mwanamume aliuliza.

"Kazi. Mimi ni mtangazaji. Natayarisha historia ya timu hii, tangu ilipozaliwa hadi ilipokufa. Na wewe? Unataka kupigia deki?"

"Mimi naitaka kwa sababu ni yangu."

"Yako na hujailipia?"

"Tazama kwapani. Niliishona mwenyewe, uzi mwekundu."

Robi akatazama. Uzi mwekundu ulikuwepo, na ushonaji wake ulikuwa wa kusikitisha. Akainua macho polepole. Kwa miezi mitatu alikuwa amemtafuta mtu huyu kwa kila aliyewahi kuingia katika ghala ambamo timu ilichezea.

"Wewe ni Cephas. Ndiye waliyemwita Komeo."

"Waliniita. Siku hizi natengeneza barafu Homa Bay."

Robi akaachilia jezi. "Chukua. Nipe historia."

"Yote?"

"Yote. Mimi vitu nusu sivitaki."

Cephas akatabasamu. "Basi nipe nambari yako, jaber. Historia yangu ni ndefu, haiwezi kusimuliwa kibandani."

"Jaber ndiyo nini?"

"Kwa Kijaluo ni mrembo."

"Najua. Nimekulia Migori hii. Nilitaka tu uniambie kwa Kiswahili."

"Pesa yangu kwanza," Metrine akaingilia, kiganja wazi. "Mapenzi baadaye."

Simu zilianza jioni hiyohiyo na hazikukoma. Cephas alisimulia kama mtu anayefungua sanduku, akitoa kitu kimoja kimoja na kukipangusa kwanza.

Kuta Nne ilikuwa timu ya kulipwa ya soka ya ukumbini. Mwanzilishi wake alikuwa Ahmednur, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, ambaye alikodi ghala tupu la tumbaku, akatandika nyasi bandia na kuuzungushia uwanja mbao kila upande. Mpira haukutoka nje. Ukigonga ubao unarudi, na mchezo unaendelea, mwenye pumzi ndiye mwenye mechi. Wachezaji walikuwa na mikataba na mishahara. Vijana wa Migori, waliozoea kucheza pekupeku kwenye matope, wakawa wanaamka asubuhi kwenda kazini, na kazi yao ni mpira.

"Kuna jambo gazeti halikuandika," Cephas alisema. "Ghala lilinuka tumbaku mpaka mwisho. Timu za Nairobi zilipiga chafya kipindi chote cha kwanza. Wakimaliza kupiga chafya, tuko mbele mabao matatu."

Robi alicheka hadi akalazimika kuweka simu chini. "Kwa hiyo mlishinda kwa mafua ya wenzenu?"

"Tulishinda kwa mikono yangu, malkia. Mafua yalisaidia."

"Na mlikufaje?"

Hapo sauti yake ilishuka. Wafadhili walijiondoa mmoja baada ya mwingine, timu za mbali zikaacha kusafiri. Mechi ya mwisho ilikuwa fainali dhidi ya Mbuta ya Homa Bay. Cephas aliicheza na goti la kushoto lililovimba kama papai, akazuia penalti, wakachukua kombe. Wiki iliyofuata ligi ikavunjwa. Walikuwa mabingwa wa kitu ambacho hakikuwepo tena. Kisha upepo ukang'oa mabati ya ghala, na sasa humo ndani mnahifadhiwa mahindi.

"Nani alikutibu goti?" Robi aliuliza, kalamu mkononi.

"Kulikuwa na mama mmoja. Tulimwita Mama Mafuta." Akasita kidogo. "Hilo lisiandike. Wewe umekula?"

Robi aliandika hata hivyo.

Baada ya mwezi alikuwa anashuka Homa Bay kila alipopata siku ya mapumziko. Walikula samaki aina ya ngege wa kukaanga karibu na gati, upepo wa ziwa ukichezea sketi yake, Cephas akimtolea miba kwa vile vidole vyake vilivyopindishwa na mipira.

"Nataka kuja kwenu," Cephas alisema siku moja.

"Baba alifariki. Kuna mama tu."

"Ndiye ninayemwogopa. Kwetu maro, mama mkwe, si mtu wa mchezo. Huli mbele yake. Humpi mkono. Hata koti huvui akiwepo."

"Kwetu Wakuria ni vilevile. Mama akimwona mume wa dada yangu njiani, anachepuka anapitia kwenye mahindi ya watu."

"Vizuri. Tutaelewana bila kuonana." Akamsogezea kipande cha mwisho cha samaki. "Nitamheshimu, Robi. Hatawahi kuona hata kifundo changu cha mguu."

Jumapili iliyofuata, mchana, Robi alimpigia kwa video kutoka sebuleni kwao mtaa wa Oruba. Alikuwa amejifunga kilemba cha zambarau, na alitaka kilemba kisifiwe.

"Nikisema umependeza utaanza kuringa," Cephas alisema.

"Nimeshaanza. Sema."

Nyuma yake mwanamke mnene alipita na sufuria ya ugali, leso kiunoni, akijiimbia. Hakugeuka kutazama simu. Lakini Cephas alimwona. Aliuona mwendo ule wa mtu anayekanyaga kama anapima sakafu, na mikono ile minene hadi kwenye viwiko.

"Huyo ni nani?"

"Ni mama. Cephas? Mbona umekuwa hivyo?"

Simu ikakatika.

Katika kiwanda cha barafu, Cephas alikaa juu ya kreti na kujifunika uso. Sammy, aliyefanya kazi naye na kumjua tangu utotoni, alidhani kuna msiba.

"Omera, ndugu yangu, nani amekufa?"

"Mimi. Mama yake Robi ni Mama Mafuta."

"Yule wa ghalani? Aliyekuwa akiwakanda?"

"Kila Ijumaa, Sammy! Kuanzia kisigino hadi paja! Nikiwa na kaptura, nikilia kama mbuzi! Yule mama anaujua mwili wangu kuliko daktari. Na sasa ndiye maro wangu?"

Sammy alijaribu kutocheka, akashindwa, kisha akaona machozi ya rafiki yake na kunyamaza. Hata yeye alijua kwamba hakuna mzee yeyote ambaye angekubali kumsindikiza Cephas kwenda kuposa katika nyumba ile.

Robi hakujua lolote kati ya hayo. Alipiga simu Jumapili, akapiga Jumatatu. Alituma ujumbe, akaona alama mbili za buluu zikimkodolea macho. Alikumbuka vizuri kilichokuwa nyuma yake kwenye video: ukuta usiopakwa rangi, kochi lililozama, mama na leso yake iliyofifia. Mwishowe aliandika: *Kama ni nyumba yetu, sema. Kama ni Ukuria wangu, sema pia. Lakini usininyamazie kama mtu anayekimbia mkopo.* Huko Homa Bay Cephas aliandika jibu, akalifuta, akaandika, akalifuta.

Wengine wangelala kitandani na kulia. Robi alilia akiwa anapiga pasi blauzi, kisha akaivaa akaenda kazini. Kipindi chake kingerushwa Jumamosi, na alikuwa ameapa kwamba mwanamume hatamharibia pia historia aliyoikusanya kwa miguu yake mwenyewe. Mhojiwa wa mwisho alikuwa Ahmednur.

Mzee alimkaribisha nyuma ya duka, kati ya magunia ya saruji na mabomba, akamwagiza chai ya tangawizi. Aliongea kwa muda mrefu bila kuulizwa. Alipomaliza alitazama karatasi za Robi.

"Umewahoji wote?"

"Wote, mzee. Wachezaji, kocha, hata aliyeuza tikiti. Amebaki huyu mmoja, Mama Mafuta. Kila nikimtaja watu wanaangalia chini."

Ahmednur aliweka kikombe. "Binti yangu, unanitania?"

"Hapana."

"Tulimwajiri afagie. Hatukuwa na mtaalamu wa misuli. Siku moja kijana amekazwa na msuli, analia, yule mama akaacha ufagio akamshika mguu. Tangu siku hiyo hakufagia tena. Asingekuwepo, msimu wa pili tusingekuwa na timu ya kuingiza uwanjani." Akamtazama kwa huruma. "Nenda kamuulize anayekupikia ugali, Robi. Mimi sina zaidi."

Mama yake alikuwa uani akichambua sukuma. Robi hakukaa.

"Mama, wewe ni Mama Mafuta?"

Kisu kilisimama. "Nani amekwambia?"

"Mji mzima unajua isipokuwa mimi!"

"Ulikuwa chuoni." Mama alianza kukata tena, kwa kasi. "Nilikuwa nikikanda wajawazito tangu ujana wangu, mwili wa mtu naujua. Lakini mjane kukanda wanaume wazima, watu wangesemaje? Kwa hiyo nilikwambia nafagia. Karo yako ililipwa na ile mikono, na mafuta ya nazi."

"Na Cephas? Mlinda lango?"

"Komeo! Yule wa goti la kushoto!" Uso wa mama ukafunguka. "Kijana mzuri, mwoga wa maumivu. Umempata wapi?"

"Ndiye wangu, mama. Ndiye wa Homa Bay."

Mama aliinua leso na kujifunika uso wote. Alikaa hivyo, na sauti yake ilitoka nyuma ya kitambaa. "Haiwezekani. Mkwe hata kivuli chake nakikwepa. Huyo nimemshika, Robi. Nimemshika!"

Hapo ndipo Robi alipoelewa ule uso kwenye simu. Furaha na hasira zilimjaa pamoja. Hakudharauliwa. Aliheshimiwa kupita kiasi.

"Sikiliza, mama. Nimewahoji watu wote wa timu ile, hakuna aliyetaka kukuzungumzia. Wao wanakuonea aibu, wewe unawaonea aibu, na kazi yako inapotea hapo katikati. Nikitangaza bila wewe nitakuwa nimedanganya hewani."

"Basi danganya."

"Sidanganyi. Jumamosi kutakuwa na kiti karibu na changu. Ukija, utakaa. Usipokuja, nitawaambia wasikilizaji kiti ni cha nani."

Kesho yake alipanda gari la asubuhi kwenda Homa Bay. Wanawake wa Sindo walikuwa wamepanga foleni na beseni zao za samaki, mashine ya kusaga barafu ikinguruma. Cephas alipomwona, kipande cha barafu kilimponyoka kikapasukia miguuni pake.

"Robi."

"Usiseme chochote. Najua kuhusu mafuta."

Mama mmoja kwenye foleni akasogea ili asikie vizuri.

"Nilidhani unaona aibu ya Ukuria wangu," Robi alisema.

"Ukuria? Bibi yangu mzaa baba ni Mkuria! Robi, nitakaaje sebuleni kwenu? Nitamwambia nini mama yako, shikamoo, vipi mapaja yangu? Anakijua kila kovu mwilini mwangu."

"Amenitangulia. Nitamfikia."

Foleni ikacheka. Cephas naye alitaka kucheka, lakini uchungu ulimzidi. "Nimewauliza wazee wangu. Wamekataa kunisindikiza. Wamesema labda mama mwenyewe atamke kwamba anaridhia, na mama hawezi kutamka kwa sababu hawezi kunitazama usoni."

"Na kusikia sauti yako, anaweza?"

"Sauti si kitu."

"Jumamosi saa nne asubuhi laini ya studio itakuwa wazi." Robi alimkaribia hadi akasikia ubaridi wa aproni yake. "Nimekupenda, Cephas, na sikukupenda nusu. Lakini siwezi kuposwa na mtu aliyejificha nyuma ya barafu. Usipopiga, nitaimaliza historia ya Kuta Nne bila mlinda lango wake. Na yetu nitaimaliza hapohapo."

"Robi, mbele ya watu wote?"

"Si ulizoea mashabiki?"

Aligeuka na kuondoka, gauni lake jekundu likipasua foleni katikati. Mama wa beseni alimtazama Cephas. "Usipopiga wewe, mwanangu, nitamtafutia mtoto wangu Jeff nambari ya huyo binti."

Jumamosi studio ilikuwa na joto. Robi alivaa suti ya kijani kibichi, rangi ya jezi ya timu, na kiti cha karibu yake kilikuwa kitupu. Alianza kusoma. Aliwapitisha wasikilizaji katika ghala la tumbaku, mbao, chafya, mishahara ya kwanza, safari za Nairobi, kombe. Alipofika kwenye goti lililovimba alisoma polepole zaidi. Aliinua macho na kuona mlango ukifunguka.

Mama yake aliingia akiwa na gauni lake la kanisani na leso mpya, akakaa bila kumtazama, akakivuta kipaza sauti kama anavuta sufuria.

"Naitwa Weisiko," alisema. "Mama yake Robi. Vijana wa Kuta Nne waliniita Mama Mafuta. Niliwakanda miguu misimu yote, na hakuna aliyecheza mechi bila kupita mikononi mwangu. Nimekaa kimya kwa sababu ya aibu. Leo nimechoka nayo."

Simu zikawaka. Mwanamke mmoja, Jerusha wa Sindo, alipiga kushukuru, akasema alikuwa akiuza maji mlangoni mwa ghala na alisikia wanaume wakilia ndani, kumbe ni kukandwa. Mchezaji mmoja wa zamani alipiga kutoka Karungu akashindwa kusema, akalia tu. Robi alizipokea zote, na kila taa nyekundu ilipowaka moyo wake uliruka, na kila sauti ilipokuwa si ya Cephas, alimshukuru mpigaji kwa upole na kumtakia siku njema.

Dakika za kipindi zilikuwa zikiyoyoma fundi mitambo alipomwonyesha laini ya mwisho.

"Karibu hewani. Wewe ni nani na unapiga kutoka wapi?"

"Cephas. Homa Bay." Mashine ya barafu ilinguruma nyuma yake, kisha ikazimwa. "Nilikuwa mlinda lango."

Mama Weisiko alishika leso yake. Hakujifunika.

"Nina swali kwa mama," Cephas aliendelea, na Migori nzima ilisikia anavyopumua. "Mtu aliyekandwa goti na mama wa watu, anaweza kurudi kwa mama huyohuyo kumwomba binti yake?"

Kimya hewani ni kosa kubwa kwa mtangazaji. Robi alikiacha kiendelee.

"Goti gani?" mama aliuliza.

"La kushoto, mama."

"Lile lilikuwa goti la Kuta Nne. Nililikanda likiwa kazini, na mimi nikiwa kazini. Sasa Kuta Nne imekufa. Binti yangu ameisoma hapa mwanzo hadi mwisho, watu wote wamesikia, leo tumeizika kwa heshima. Na timu ikizikwa, inazikwa na magoti yake." Akavuta pumzi. "Mkwe wangu mimi sijawahi kumwona. Sijui hata ni mrefu au mfupi."

Fundi mitambo alikuwa amesahau kuweka tangazo. Robi alikuwa amebana midomo kwa viganja vyote viwili, machozi yakimtiririka hadi kwenye kola ya suti.

"Kwa hiyo nije, mama?"

"Wazee wako wanasikiliza?"

"Wamekaa hapa na mimi. Wametoa kofia."

"Basi njooni," Mama Weisiko alisema. "Na uvae suruali ndefu."